Shangazi Alipolala chini ya Dirisha la Tiketi

Pigo la kwanza la nyundo lilikuwa limeshapigwa tulipofika, shangazi na mimi. Lilikuwa limebandua chokaa kwenye pembe ya dirisha la tiketi, chini kidogo ya tao, na jiwe la ndani lilitutazama kama mtu aliyefunuliwa shuka kabla hajaamka.

Stesheni yetu ni ndogo, iko pembezoni mwa mji wa Kilosa, na ni ya enzi za Mjerumani. Kuta zake za mawe ni nene kiasi kwamba utotoni tulijilaza kwenye kina cha madirisha kukimbia joto. Sakafu imeinuliwa juu ya msingi mrefu, kwa sababu waliojenga walishaonywa kuhusu Mto Mkondoa, au walishalowa. Paa ni la vigae vyekundu, na baraza inashikiliwa na nguzo za mbao ambazo mchwa wamezijaribu wakakata tamaa. Jengo limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Bahati mbaya orodha haina mikono ya kudaka nyundo.

Dirisha ndilo lililonileta. Marehemu baba yangu aliuza tiketi nyuma yake mpaka alipostaafu, na tiketi bado zinauzwa hapo. Ubao wake wa chini umechimbika mahali ambapo abiria wa vizazi vyote wameegemeza viwiko. Sasa mkandarasi alitaka kulibomoa, yeye na haraka yake, aweke mlango mpana wa kioo, maana mgeni mkubwa alikuwa anakuja na mgeni mkubwa hapiti mlango mwembamba. Nilikuwa nimempigia simu ofisa wa mambo ya kale. Alikuwa Mikumi kikazi. Alisema anakuja, kazi isimame. Mkandarasi akasema simu haisimamishi kazi, aje huyo mtu mwenyewe. Lori la kuleta mlango lilikuwa njiani. Kwa hiyo vitu viwili vilikuwa vinakuja Kilosa, na dirisha la baba lingekuwa la atakayetangulia.

Nilimwendea msimamizi wa mafundi, mwanamume mnene mwenye kofia ya njano, nikafanya kile nilichosomea. Nilimweleza jinsi tao linavyogawa uzito pande mbili, na kwa nini chokaa inapumua na saruji haipumui. Nilitumia mikono. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Kwa hiyo ni salama zaidi nianzie kubomoa juu au chini?"

Neno "mzee" liliniuma kuliko swali. Nikaenda pembeni kumpigia ofisa. Alisema gari lao limenasa kwenye tope, bado hawajafika hata nusu ya njia, anatafuta pikipiki. Niliporudi, msimamizi alikuwa ameshainua nyundo, na simu yake ikalia. Akaishusha, akapokea.

"Mwangaluka, mayu!" akasema kwa sauti ya mtoto mwema.

Shangazi, aliyekuwa ameketi barazani kimya tangu tulipofika, aliinua kichwa. Akamsubiri amalize.

"Wewe, ulikuwa unamwamkia nani?"

"Mama yangu, bibi. Yuko Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na shikamoo yangu ulinipa ya nini, kumbe wewe ni mpagazi wangu!"

Msimamizi alimtazama vizuri, kisha uso wote ukafunguka. "Lahaula! Bibi ni Msagara?"

"Wa kuzaliwa. Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, akanywa maji ya mto wetu bila hata kuaga."

"Angeyamaliza angewasaidia! Kila masika mto unawafuata mpaka kitandani."

Mafundi wawili waliokuwa nyuma yake walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza barabara, na barabara haikuwa na kitu. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe, kabla reli haijafuata njia ileile. Hilo nalijua, nimewahi hata kuliandikia makala. Sikuwa nimefikiria kwamba lina matumizi.

Shangazi alitandika kanga kwenye vifusi chini ya dirisha, akajilaza chali.

"Leo ni msiba," akasema. "Mnamzika kaka yangu mara ya pili. Kaburi nimeshaliingia. Nikomboeni ndipo mzike."

Kila mtu pale alielewa. Mtani akilala kaburini, mazishi yanasimama mpaka akombolewe, na anayekasirika ameshindwa. Msimamizi alikuwa bado anatabasamu simu ilipolia tena. Mara hii hakusema mwangaluka. Alisikiliza, akasema "ndiyo bosi" mara kadhaa, na tabasamu likamtoka.

"Lori limeshafika mjini," akatuambia. "Bibi, amka. Utani una mpaka. Nina watoto."

"Nikomboe."

Alipandisha nyundo akapiga, juu kabisa, mbali na kichwa cha shangazi. Vumbi la chokaa likamwangukia usoni. Hakusogea. Alifumba macho tu, mweupe kama maiti aliyekuwa akimwigiza. Mafundi walirudi nyuma.

"Kaka," mmoja wao alimwambia msimamizi, "mimi huyu simruki."

Msimamizi aliweka nyundo chini. "Sema unachotaka, bibi. Haraka."

"Nibebe mgongoni mpaka mwisho wa jukwaa, kisha unirudishe. Kama babu yako."

Akainama, akambeba. Hapo ndipo nilipotambua ubaya wake: akimrudisha, deni la utani limekwisha, na ukuta ni wake. Alikwenda mbio, kofia ikimchezacheza.

"Polepole!" shangazi akapiga kelele, akimpiga begani. "Pembe ya tembo haitikiswi! Simama, nimeona kambi. Wapagazi hupumzika."

"Bibi, unaniua!"

"Babu yako alifika pwani hajafa."

Walifika mwisho wa jukwaa, wakageuka. Lori lilionekana kwenye kona. Shangazi alitafuta kambi nyingine ya kupumzikia, asiione. Na nyuma ya lori, ikilipita kwa kona iliyotaka kutuua sote kwa hofu, ikaja pikipiki, na juu yake mtu mwekundu kwa tope kuanzia viatu hadi miwani. Ofisa aliteremka, akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya dirisha, mikono ameitandaza, kabla hata hajatusalimia.

Kazi ilisimama. Mkandarasi, aliyekuja na lori, alibishana na ofisa mpaka giza likakaribia, kisha akaondoka na lori lake, na msimamizi akaambiwa kazi yake imekwisha. Shangazi akamlaza kwetu, akampikia. Asubuhi yake, kwa haki ya mtani, msimamizi alikamata kuku jike mzuri wa shangazi, bila kuomba, na shangazi alimtukana mpaka stesheni kama inavyotakiwa.

Alikata tiketi ya Tabora. Kuku akiwa kwapani, aliweka viwiko kwenye ubao uliochimbika, akainama kuzungumza na karani, chini ya ile pembe aliyoibandua mwenyewe.

"Usiegemee sana," shangazi akamwambia. "Utabomoa."