Mluzi wa Kumwita Tai

Majuzi huko Kamere, kijana wa mashua aliwaambia watalii wanyamaze, akatia vidole mdomoni na kupiga mluzi. Tai mwenye kichwa cheupe akashuka ziwani kuchukua samaki. Watu walipiga makofi. Mimi niligeuka nikatazama nchi kavu.

Nami niliwahi kuwa na tai wangu. Nilimzoesha kwa samaki, nikimwita kwa mluzi alionifundisha baba, ule ule aliokuwa akiniitia chakula. Alasiri moja baba alinipakia kwenye mashua pamoja na tajiri wake, mzungu aliyependa ndege. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yakitupiga ubavuni, na mashua ilinuka tope na tumbaku ya kiko. Mzungu alivaa darubini shingoni, na miguuni pake palikuwa na mfuko mrefu wa ngozi. Nilidhani ni mwavuli.

"Mwite, Njeri," baba alisema, mikono yake ikishika makasia.

"Atamwangalia tu?"

"Atamwangalia tu."

Nikaita. Tai akaja chini chini, akitafuta samaki mkononi mwangu. Baba akaacha kasia moja, akampa mzungu ule mfuko.

Sasa najua ndege kama wale walijazwa pamba na kupangwa kabatini, na kwamba baba hangeweza kumkatalia tajiri wake. Siku ile nilijua tu harufu ya baruti, na manyoya yakielea.

Jioni baba alisimama mlangoni akapiga mluzi, chakula kilikuwa tayari. Nilijikunyata kwenye mafunjo, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaona kinachompata anayeitika.