Korongo wa Ukoo wa Mzee Kigen

Mzee Kigen alikuwa amechoka hata kabla ya kushuka garini. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha trekta katika mashamba ya ngano upande wa Chepsaita, na mgongo wake haujawahi kumsamehe. Siku hizi alishinda nyumbani kwake Kiplombe, akisogeza kiti kufuata jua. Sharon, kitindamimba wake, alipomwuliza anataka zawadi gani akitimiza miaka sabini, alitarajia kusikia blanketi. Mzee akasema anataka kuona korongo.

Basi Jumamosi wakaenda hadi hifadhi moja ndogo ya nyasi, mbele ya mji mdogo wa Plateau. Macharia, kijana mwenye kazi ya kuongoza wageni, aliwaonyesha twiga na pundamilia. Sharon akapiga picha hadi simu ikapata moto. Baba yake alitazama kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Na korongo wako wapi?" akauliza.

"Wako kule kwa matete, Mzee. Lakini ni mbali kidogo, na naona miguu inakusumbua."

"Wacha isumbue. Twende."

Korongo mwenye taji ndiye mnyama wa ukoo wao. Mzee alilelewa na bibi yake akijua kwamba ndege huyo hapigwi jiwe wala hafukuzwi shambani, na akitua karibu na boma, anamwagiwa maziwa kidogo kwenye nyasi, kama mgeni. Ndiyo sababu Mzee alikuwa na kichupa cha maziwa kwenye mfuko wa koti. Sharon alidhani ni ya chai.

Walikwenda wakipumzika, wakaenda tena. Walipofika kwenye benchi lililotazama matete, Mzee alikaa kwa kujiangusha. Korongo wawili walikuwa pale, wakitembea kwa madaha kwenye nyasi fupi. Macho yakamjaa machozi, na Sharon akaogopa.

"Baba, ni nini? Unaumwa?"

"Niliwaua watoto wao," akasema.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yake Sharon. Ulikuwa msimu wa kulima, Sharon hajazaliwa. Mvua ilikuwa imekaribia na meneja alikuwa akimfokea tangu asubuhi. Korongo wawili walifuata trekta wakiokota minyoo, maana walikuwa wamemzoea. Alipokaribia kona yenye majimaji, wote wawili walimkimbilia mbele na kumtandazia mabawa.

"Nilijua kuna kiota, Sharon. Nilijua kabisa. Nikasema nikishuka kutafuta nitapoteza nusu siku, na pengine kazi. Nikapita juu yake."

"Si ulikuwa umetumwa, Baba?"

"Meneja hakuwa juu ya trekta. Ni mimi nilikuwa juu."

Mwaka uliofuata korongo wale hawakurudi, wala mwaka mwingine. Mimi ninayesimulia ningependa kumtetea, lakini mwenyewe hajawahi kujitetea, na mimi ni nani.

Mara wakasikia mngurumo. Trekta la hifadhi lilikuwa likija kando ya matete, likikata nyasi ili kuzuia moto usienee. Mzee Kigen alishika ukingo wa benchi. Korongo hawakuruka. Walilisogelea, wakaanza kulifuata nyuma wakidonoa wadudu, bila wasiwasi wowote.

"Bado wanatuamini," akasema kwa uchungu.

Trekta likafika pembeni, mahali penye majimaji, likasimama. Dereva, mwanamke mwenye gambuti miguuni, akashuka. Akaingia kwenye nyasi ndefu, akazifungua kwa mikono huku na huku, akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Kisha akapanda tena, akakizunguka kile kijiti kwa mbali na kuendelea na kazi.

"Huyo ni Emmaculate," Macharia akasema. "Lazima aangalie mayai kwanza. Leo naona ameyapata."

"Imemchukua muda gani?" Mzee akauliza.

Macharia alicheka, akidhani ni mzaha. "Aa, Mzee, hata dakika mbili hazijaisha."

Mzee Kigen alitoa kichupa mfukoni akajaribu kukifungua. Vidole vilikataa. Akajaribu tena, kisha akakiweka mapajani na kukaa hivyo, akitazama kile kitambaa chekundu.

"Dakika mbili," akasema.

Sharon alichukua kichupa, akakifungua, akakirudisha mkononi mwa baba yake.