Taa Tano za Shangazi

Shangazi yangu amefungiwa umeme wa jua mara tano, na hana taa. Usicheke kwanza, ngoja nieleze, maana anayeishi naye ni mimi.

Kila likizo ndefu wanafunzi wa chuo hupanda mlima wetu na fulana mpya za rangi moja, paneli moja, betri moja na kamera kibao. Gari linashindwa kilima penye shule. Kutoka hapo ni miguu, na kwa kuwa betri ile ina uzito wa ndama, hutafuta nyumba ya karibu isiyo na umeme. Nyumba hiyo ni yetu. Wanajaza fomu, wanafunga paneli, wanapiga picha, wanakumbatiana, mmoja analia, wanaondoka.

Ya kwanza ilikaa siku tisa. Mkunga wetu alikuwa anazalisha na tochi mdomoni. Akitaka kumwambia mzazi asukume, inabidi aiteme kwanza. Shangazi aliposikia hivyo alichukua bisibisi, akafungua kila kitu, akaenda kukifunga kwa mkunga. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikuwa amewashikia wale watoto wa chuo misumari siku mbili, macho kodo. Shangazi ni fundi cherehani. Mtu anayefumua koti na kulishona upya hashindwi na nyaya mbili.

Ya pili ikaenda shuleni. Hapo pia sina neno. Ila mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshanusa utamu. Mwaka wa tatu alikuja asubuhi, kofia mkononi, akimpaka shangazi mafuta kwa mgongo wa chupa. "Dada yangu, nyumba yako ina nyota," akasema. "Wageni watakuja tena tu." Paneli ikaenda kwake, ikamwashia televisheni kubwa ambayo betri peke yake haiiwezi. Ya nne kwa shemeji yake. Ya tano kwa kinyozi. Zote shangazi ndiye aliyezifunga, kwa sababu mlima mzima hakuna mwingine anayejua. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini angalau hunyolewa na mwenzake. Shangazi hakuwa na mwenzake.

"Hivi wewe ni mjinga au ni mtakatifu?" nilimwuliza siku moja.

"Nishikie huu uzi," akasema. 

Mwaka huu macho yake yakagoma. Ukungu wetu hushuka saa tisa mchana, na ndani mwetu dirisha ni moja. Miwani anayo, lakini miwani haioni gizani. Mwezi uliopita alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia kwenye sare ya mtoto wa watu. 

"Nikiacha cherehani nitakuwa nani?" akaniuliza. "Nikae nje nisalimie wapita njia?" Kisha akasema, "Ya mwaka huu haitoki. Mwenyekiti akija, mwambie nimekufa."

Watoto wakaja. Kiongozi wao alikuwa binti aliyewahi kuja mwaka jana. Akasimama mlangoni, akatazama paa tupu, akatazama kibatari chetu.

"Bibi, ile ya mwaka jana iko wapi? Mimi ndiye niliyeifunga."

"Imeibiwa," mwenyekiti, aliyekuwa amewasindikiza, akawahi. Hakuulizwa, lakini mdomo wake haujui foleni.

Shangazi hana kipaji cha uongo. "Haijaibiwa. Iko kwa kinyozi. Nimeihamisha mimi."

Akawatembeza nyumba kwa nyumba, zote tano. Wale watoto walipagawa. Walikuta kila paneli imeinuliwa upande mmoja. "Mlikuwa mnazilaza kama mikeka," akawaambia, "majani yanakaa juu." Wakaandika. Mimi nikavimba kwa majivuno, nikajua leo ni leo, shangazi anapata taa yake.

Binti akafungua orodha. Sauti ikamshuka. Kuanzia mwaka huu nyumba moja ni paneli moja, akasema, na kwenye orodha bibi ameshapata tano. Ofisi haitakubali ya sita. Basi ya sita ikapelekwa nyumba ya ng'ambo ya kijito, na unadhani nani aliombwa akawaonyeshe namna ya kuiinua? Akaenda. Akaifunga vizuri kabisa. Mimi nililia kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Jumamosi, wageni wakiwa wameshashuka, mwenyekiti alikuwa na wanaume kumi na wawili sebuleni wanatazama mpira, kama kila wiki, na mkewe anawachemshia chai. Mpigaji penalti akaweka mpira chini, akarudi nyuma hatua nne, na televisheni ikazimika.

Mwenyekiti akatoka mbio, ndala mguu mmoja. Shangazi alikuwa juu ya paa lake na spana.

"Dada, unafanya nini huko?"

"Nachukua yangu. Ziko tano kwenye orodha, ya mkunga na ya shule siwezi kuzigusa."

"Shuka, au naiondoa hiyo ngazi!"

Akazunguka nyumba kuifuata. Alimkuta mkewe ameishika kwa mikono miwili, mguu mmoja ameuweka kwenye kipago cha chini.

"Usiharakishe, wifi," mkewe alikuwa akisema, akitazama juu. "Chukua na betri."