Kitambaa cha Seva ya Parokia

Jumatatu asubuhi, mswaki ungali mdomoni, jirani aligonga mlango akaniambia kwamba fundi wetu wa kompyuta, yule wa mtaa wa Kikula, ametutoka. Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu mvua za kwanza. Niliketi mlangoni nikalia, kisha nikakumbuka kitambaa cha kufuma, nikaanza kucheka, na jirani akaenda kumwita mke wangu. Wasomaji wangu, mnivumilie. Leo namlilia mtu huku nacheka, maana nikinuna nitakuwa namsingizia.

Mnajua kwamba binti yangu aliolewa mwaka juzi. Wengi wenu hamjui kwamba nusura asiolewe. Madaftari ya karatasi ya parokia yetu yalikwisha kuliwa na mchwa, kwa hiyo vyeti vya ubatizo na mafaili yote ya ndoa vilikuwa ndani ya seva, kompyuta moja nene iliyokaa chini ya meza ya katibu. Alhamisi ya wiki ya harusi ikazimika ghafla. Katibu akaiwasha, ikaleta mistari ya maneno meupe kwenye skrini nyeusi, ikasema haioni diski yenye madaftari, ikagoma hapo hapo. Padri naye akagoma: bila faili hafungishi ndoa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Wakwe walikwisha fika kutoka Kapolowe na mbuzi wawili na shangazi mmoja asiyetupenda, ambaye alianza kuuliza, kwa upole mwingi, kama kweli mtoto wetu aliwahi kubatizwa. Nilitamani kumfunga kamba pamoja na mbuzi wake.

Fundi alifika na kiti chake cha kukunja na karatasi moja nyeupe. Hakuigusa mashine. Alituketisha wote, katibu, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na mimi baba wa bibi harusi, akataka kila mmoja aseme mkono wake ulifanya nini pale wiki ile.

“Minye sitafute muntu wa kufunga,” alisema. “Natafuta fasi, pahali mashine ilipotelea. Kila muntu aseme kile aligusa, na minye nitasema yangu.”

Wote tukatazama dari. Likasi ni mji wa viwanda, na kiwandani anayekiri wa kwanza ndiye anayepokea barua ya kuombwa maelezo, kisha anakwenda nyumbani. Tumelelewa na baba waliojua kutazama dari. Hatimaye mama mwenyekiti akanyoosha mkono. Alikuwa ameifumia mashine kitambaa cheupe chenye maua, akakipiga wanga, akaifunika juu mpaka chini, kama tunavyofunika televisheni na kila kitu cha heshima, kwa kuwa haikufaa ikae uchi karibu na sanamu ya Bikira Maria. Kumbe chini ya maua yale mashine ilikosa hewa, ikapata joto, ikazimia. Katibu naye akakiri kwamba alichomeka flashi ya kwaya ili asikilize nyimbo akifanya kazi, na bado ilikuwa imechomekwa. Fundi aliandika, akacheka mpaka kiti kikalia, halafu akaandika jina lake mwenyewe chini kabisa.

“Kosa ya kubwa ni ya minye,” alisema. “Niliambia mashine: diski yako njo ile ya pili pa mulongo, pa mustari. Sasa flashi iliingia, ikakamata fasi ya pili. Mashine ilifungua, ikakuta paka kwaya, kwaya tu. Nilipashwa kuiita na jina yake ya kuzaliwa, hapana na fasi yenye inaikala.”

Maana kila diski, alitueleza, ina jina lake refu lisilobadilika, hata ukiihamisha wapi. Madaftari hayakupotea. Hata hivyo hakuwa na haraka, kwa kuwa diski iliyoanguka na joto huweza kuuawa na dawa yenyewe. Alitoa kwanza nakala ya diski nzima, akaifungua ile nakala kwa kusoma tu bila kuandika, akatengeneza palipovunjika, kisha akaandika katika orodha ya mashine jina refu la diski badala ya nafasi yake. Ijumaa mchana majina yakatokea, na jina la binti yangu katikati yake, na tarehe ya ubatizo. Mama mwenyekiti alipiga vigelegele. Mimi nilicheza na katibu, ambaye hajui kucheza. Shangazi aliomba maji.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyoitana katika mji huu kwa viti tunavyokalia: huyu wa kiwanda, yule wa ofisi, yule mchimbaji. Kiti kikiondoka tunasema mtu kapotea, wakati yuko nyumbani kwake Kikula, mzima, anangoja aitwe kwa jina.

Jumatano tulimzika. Mama mwenyekiti alikuja na kile kitambaa, kimefuliwa na kupigwa wanga upya, akakitandika juu ya jeneza. “Mashine ulikataza nifunike, papa,” alimwambia. “Weye sasa hautasikia joto tena. Acha nikufunike.” Makaburini pote tulicheka, mjane akiwa wa kwanza, kisha kilio kikaja vizuri.

Limebaki jambo moja. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miaka miwili. Zamu yangu ilipofika siku ile, nilisema sikugusa kitu. Uongo. Katibu alipotoka kumwita padri nilibaki peke yangu, nikaizima mashine na kuiwasha, nikaizima na kuiwasha, kwa hasira, na kila mara ningeweza kuyaua madaftari ya parokia nzima pamoja na harusi ya mwanangu. Jumamosi ya harusi, katikati ya ngoma, fundi alinisogelea akicheza, akaniinamia sikioni.

“Papa, mashine inaandika kila mara banaiwasha: mara tisa. Katibu aliniambia yake mara mbili. Weye mara saba.”

Akaendelea kucheza. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Nilimuuliza mjane juzi msibani. Fundi alikuwa ameacha mstari mtupu kwenye karatasi yake, juu ya jina lake, nami niliuona siku ile ile nikajifanya sikuuona. Mwenye kutengeneza mambo huanza na kosa lake, kisha humwachia mwenzake nafasi ya kuandika lake. Fundi, nimechelewa, lakini mstari ule ni wangu. Mara saba.