Mstari Mmoja wa Christopha

Mjukuu wangu Christopha alizaliwa saa ileile radi ilipopasua mkaratusi nyuma ya jiko langu. Cheche ziliingia dirishani, zikamzunguka mtoto, zikatoka mlangoni kwa adabu bila kumgusa mtu. Wapo wanaosema radi ilipiga wiki iliyofuata. Hao hawakuwepo.

Alikulia mikononi mwangu, huku kwetu juu ya Sumbawanga, ambako upepo wa mwezi wa saba ulimbeba jogoo wangu hadi Kasesya, mpakani na Zambia, watu wa forodha wakamgongea mhuri kwenye bawa, akarudi juu ya lori la mahindi akiwika Kibemba. Kwa upepo kama huo, mtoto asiye na akili yenye uzito angepeperuka. Christopha alikuwa nayo. Alisoma ufundi wa umeme Mbeya, akarudi, akapanga chumba mjini, na Jumamosi akawa anakuja kwangu na makaratasi yake kuchorea mezani pa kulia.

Siku moja nikainama kuangalia. Nikaona mstari mmoja umeshuka kutoka juu hadi chini, na vidude vimening'inia njiani.

"Nyaya za barabarani mimi nimeziona ni tatu," nikamwambia. "Wewe umechora moja. Hizo mbili umemuuzia nani?"

Akacheka. "Bibi, zile tatu zinafanana kama mapacha. Ukishamjua mmoja, umewajua wote. Mstari mmoja unasimama badala ya wote."

"Na hivi viduara viwili vimepandana hivi mchana kweupe, mbele yangu?"

"Bibi! Hiyo ni transfoma."

"Haya. Na hiki kisanduku?"

"Breka. Huyu ndiye mlinzi. Nyaya zikigusana, ikatokea shoti, umeme unakuja kwa kishindo. Breka anatakiwa aukate. Lazima awe na kifua cha kuukata, la sivyo anapasuka yeye mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kumchagua napiga hesabu: kishindo kitakuwa kikubwa kiasi gani?"

Nilimwuliza mengi siku ile, kwa kuwa nilipenda anavyojibu. Alijibu kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake mwenyewe.

Sasa, Christopha alikuwa na rafiki, Fabiani wa Laela, mtoto wa mzee Alfonsi. Walitumikia altareni pamoja, na nina hakika walionja divai pamoja. Mzee Alfonsi alisaga unga wa Laela nzima kwa mashine ya dizeli enzi zile, na kazi hiyo akamrithisha Fabiani. Umeme ulipofika, dizeli ikafa, Fabiani akaajiriwa na Zubery, mfanyabiashara wa Sumbawanga mwenye malori, aliyejenga ghala na mashine ya kusaga pale pale Laela, kwenye njia ya Tunduma. Fabiani akawa msimamizi wa mashine. Baba yake akawa anapita kila asubuhi, anashika unga kwa vidole, ananusa, anasema, "Unga wa Fabiani," na kuondoka. Hakuwa mtu wa kusifu, yule mzee. Hayo maneno yalikuwa sherehe.

Mwaka ule wa mahindi mengi, Zubery akataka mashine zaidi. Transfoma yake ya zamani ilikuwa ndogo. Akanunua kubwa zaidi, mara tatu yake, akamwita Christopha aipange kwenye ramani na kusema breka zipi zibadilishwe na zipi zibaki. Ile ramani ya zamani pia ilikuwa ya mkono wake. Akaja nayo kwangu, akaikunjua mezani.

Fabiani alifuatana naye, anamhimiza. "Wewe bwana, hiyo ramani itaisha lini? Malori yamepanga foleni, mahindi yananiota masikioni."

"Tulia, mshikaji. Umeme si ugali."

"Ugali naupika haraka kuliko wewe unavyochora duara. Bibi, mwambie mjukuu wako. Anaremba kama bibi harusi."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, "mimi nakaanga karanga."

Wakacheka, wakala karanga, Christopha akafuta transfoma ya zamani kwa ufutio, akachora mpya mahali palepale, na ramani ikaisha kabla chai haijapoa.

Mashine mpya zikapata breka mpya. Breka ya mashine ya zamani, ile ya Fabiani mwenyewe, ikaachwa kama ilivyokuwa.

Zikapita mvua. Halafu panya akala waya wa mashine ya Fabiani ndani ya bomba linalopitisha nyaya, hakuna aliyejua. Asubuhi Fabiani akaja kazini, akanyanyua mkono, akawasha breka. Nyaya zilikuwa zimegusana. Breka haikukata, ilipasuka. Moto ulimshika mkono wa kulia, na hospitalini walishindwa kuuokoa. Waliukata juu kidogo ya kifundo.

Jana yake Fabiani alikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake, na kule pombe ya ulezi ilikuwapo. Kunywa, alikunywa, nani asingekunywa? Lakini watu wakilitafuta jibu hulichukua lililo karibu. Wakasema alikuja kazini na mning'inio wa pombe ya jana, akashika asichotakiwa kushika. Zubery akamwachisha kazi. Na mzee Alfonsi, ambaye kwenye mashine yake mlevi hakuruhusiwa hata kuegemea ukuta, akaacha kukanyaga nyumba ya mwanawe. Hakumfokea. Aliacha tu kupita.

Christopha aliitwa kufunga breka nyingine. Aliporudi kwangu jioni hakula. Nikadhani ni huzuni ya rafiki. Baada ya hapo akaacha kuchora. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, na nikimwuliza umeme wake umekwenda wapi, anasema simu zina faida. Akipanda basi la Tunduma, akifika Laela anainamia viatu vyake mpaka basi liondoke. Hospitalini hakwenda kumwona Fabiani. Nyumbani kwake hakwenda. Nikamsema, nikachoka.

Sasa sikilizeni jinsi jambo lenyewe lilivyotoka.

Mwaka huu tulikuwa na kipaimara cha wajukuu, mimi na jirani yangu Salome. Tukakubaliana kuchanga ulezi wa pombe pamoja, kila mtu atoe nusu beseni. Mimi nikatoa nusu ya beseni langu, lile la kuogea, ambalo nikijikunja naingia na mbuzi. Salome akaja na nusu ya kibeseni cha kunawia mikono.

"Salome, hii nini?"

"Nusu beseni, dada."

"Nusu ya beseni la nani? La kifaranga?"

"Nusu ni nusu! Tulisema nusu, nami nimeleta nusu. Kama umesoma hesabu nyingine, niambie."

"Nusu yako ukiimwaga kwenye beseni langu haifuniki hata chini! Njoo, mwaga uone! Christopha, njoo umwambie huyu mama!"

Christopha alikuwa ameketi kizingitini. Akaangalia mabeseni yale mawili. Salome akamwaga, ulezi ukatandaa kama vumbi. Nikageuka nimcheke Salome, nikaona mjukuu wangu amejiziba uso kwa mikono yote miwili. Salome akaokota kibeseni chake akaondoka kimyakimya, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu abatizwe.

"Ndivyo nilivyofanya, bibi," Christopha akasema. "Ndivyo nilivyofanya kwa Fabiani."

Akanieleza. Kila transfoma ina kizuizi ndani yake, kinachopunguza kile kishindo cha shoti. Kiwandani hawaandiki ukubwa wake wenyewe, wanaandika ni sehemu gani ya kipimo cha transfoma yenyewe. Transfoma ya zamani iliandikwa nne kwa mia. Mpya nayo nne kwa mia. Lakini nne ya beseni gani? Kila moja inajipima kwa beseni lake. Kabla ya kupiga hesabu, fundi anatakiwa azilete zote kwenye kipimo kimoja. Na kwenye kizuizi, transfoma kubwa ndiyo yenye beseni dogo: nne ya ile kubwa, ukiipima kwa kipimo cha ndogo, haifiki hata mbili. Kizuizi kimepungua, kishindo kimeongezeka mara tatu. Breka ya Fabiani haikuwa na kifua hicho.

"Niliona nne, ya zamani ilikuwa nne, nikaiacha palepale. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, bibi. Niliwahi kumcheka mwenzangu darasani kwa kosa hilohilo."

"Ulijua lini?"

"Siku niliyokwenda kufunga breka nyingine. Niliposimama mbele ya ile iliyopasuka tu."

"Na wanaposema Fabiani alilewa?"

Akainamia viatu vyake.

Kesho yake tukapanda basi, mimi na yeye. Nilikwenda kwa sababu nilijua peke yake angefika Laela akaangalia viatu.

Fabiani tulimkuta uani, anafunga ndama kwa mkono wa kushoto na meno. Mkewe Dominika alikuwa anapepeta. Mimi nikaamkiwa shikamoo, nikakaa. Christopha akachuchumaa mbele ya Fabiani kusalimia kwa heshima. Na sisi Wafipa salamu ya heshima ina makofi: unachuchumaa, unapiga viganja taratibu, na mwenzako anakujibu kwa viganja vyake. Christopha akaileta mikono pamoja, kisha ikagoma hewani. Aliuona ule mkono wa shati uliofungwa fundo.

Hata ndama akasimama.

"Piga tu," Fabiani akasema. "Mimi nitasikiliza."

Christopha akapiga makofi, polepole, peke yake. Sijawahi kusikia salamu ndefu hivyo.

Halafu akasema yote. Fabiani hakuelewa mambo ya nne kwa mia, akamwambia, "Nichoree." Christopha akachukua kijiti akachora mavumbini: mstari, viduara viwili, kisanduku. Akaonyesha umeme unakotoka, akaonyesha breka.

Fabiani akaufuata mstari kwa kidole. "Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo."

"Nilikuwa nimesimama wapi?"

"Hapa, mbele ya breka. Lakini watu hawachorwi, Fabiani."

Dominika akaweka ungo chini. "Shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa nafuu kama ingekuwa ya hasira, "huyu hapa anaamka kila siku ananiuliza, nilikunywa vikombe vingapi? Nilishika wapi? Mimi namwambia sijui. Ulishindwaje kuja ukasema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mkono ulishakatwa."

Fabiani akamnyamazisha kwa kichwa. "Mimi mwenyewe niliamini," akasema. "Nilimwambia mzee, baba, nisamehe, nadhani ni pombe. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kuwa sikuwa na maelezo mengine. Ungekuwa umekuja wiki ile, nisingesema vile."

"Nitamwambia mzee," Christopha akasema, akasimama. "Twende sasa hivi. Nitapiga magoti."

Dominika akaniangalia, mimi sikuelewa kwa nini. Huku kwetu habari za msiba wa Laela hazikuwa zimefika.

"Mzee tumemzika mwezi wa nne," Fabiani akasema.

Christopha akakaa chini palepale juu ya mchoro wake.

Siku ileile alikwenda ghalani kwa Zubery, Fabiani yuko, wapakiaji wako, akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, pombe haikuhusika, breka ingepasuka hata kama padre ndiye angeiwasha. Wapakiaji waliokuwa wakimwita Fabiani Bwana Ulezi wakajishughulisha na magunia. Zubery ni mtu wa haki kwa namna yake. Akamwomba Fabiani radhi, akampa kazi kwenye mzani wa kupimia mahindi, kazi ya mkono mmoja. Fabiani akaikubali. Alisema watoto wanakula.

Akatusindikiza hadi kituo cha mabasi. Wauza karanga na mayai wakawa wanakimbilia madirisha. Nilikuwa na maneno mengi, kama kawaida yangu, nikajaribu kumchekesha kwa kumwambia mzani wa Zubery unaogopa Wafipa, ukitupima unatetemeka. Akatabasamu kwa ajili yangu.

"Umenisamehe?" Christopha akamwuliza, basi likiwa limeshapiga honi.

"Mimi nimekusamehe," Fabiani akasema. "Ya mzee ni ya mzee. Hiyo sina ruhusa nayo."

Konda akapiga bodi ya basi. Fabiani akanishika mkono nipande, akageuka kurudi kazini kabla hatujaondoka. Christopha alikaa upande wa dirisha, na safari hii hakuinama. Alimtazama mpaka ghala likamficha.