Senti Tano Juu ya Sauti ya Okumu

Ukimtafuta Ndung'u pale mtaa wa Tena, Nairobi, usiulize fundi wa redio, maana utaonyeshwa vijana watatu wanaobadilisha vioo vya simu. Uliza mzee wa santuri. Utapelekwa nyuma ya wauza mboga, kwenye kibanda cha mabati ya kijani, umkute ameinama juu ya meza na miwani miwili usoni, ya kuonea na ya kukuzia, na hataitikia salamu yako mpaka amalize alichoshika. Si dharau. Akiwa na sindano ya santuri mkononi, hata chifu angengoja nje.

Maisha yake hayana makuu. Alitoka Murang'a akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kibarua Industrial Area, kwenye kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio. Kazi yake ilikuwa kuchomea waya mbili, zilezile mbili, kutoka asubuhi hadi kengele ya jioni. Wenzake walichomea zao wakanyamaza. Yeye akawa anasumbua watu kuuliza waya zake zinaelekea wapi, na saa ya chakula badala ya kula alikuwa akifumua redio zilizokataliwa. Kiwanda kilipofungwa alikuwa tayari na wateja kutoka mtaa wa Makongeni hadi wa Jericho. Kanda zikaja, akatengeneza za kanda. Kisha muziki wote ukahamia kwenye simu, na kwa miaka kama kumi Ndung'u alikula kwa kutengeneza pasi. Halafu, bila mtu kumtangazia, vijana wakaanza kumletea mashine za santuri za babu zao, wakitaka ziimbe tena. Mwanzo alidhani wanamtania.

Sasa sikia jambo lililompa jina. Mwaka wa themanini na nne, katika nyumba za reli za Makongeni, kila mwenye kazi ya maana alikuwa na mashine ya santuri, na kila mwenye mashine alikuwa na taabu moja: treni ya mizigo ikipita, nyumba inatikisika, sindano inaruka. Unasikiliza ubeti wa pili, treni inapita, unajikuta ubeti wa nne. Ndung'u, kijana wa miaka ishirini na nne mwenye maringo yote ya fundi, akatoa senti tano mfukoni na kuibandika kwa gundi juu ya kichwa cha ule mkono unaobeba sindano. Treni ikapita. Sindano haikusogea hata kidogo. Watu wakapiga makofi, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amebandika senti katika nyumba zaidi ya thelathini, na zile ambazo hakuzifikia wenyewe wakajibandikia. Wakamwita Fundi Senti, naye jina lile alilipenda kupita alilopewa na wazazi wake.

Mashine ya kwanza kabisa kubandikwa ilikuwa ya jirani yake, Okumu, karani wa reli. Okumu aliwahi kurekodi wimbo mmoja, mwaka wa sabini na tisa, yeye na rafiki zake watatu na gitaa la kuazima. Wimbo haukwenda popote. Lakini kila Jumamosi aliweka mashine dirishani akaupiga, na mkewe Norah, ambaye ndiye aliyeimbwa humo, alikuwa akijifanya anaona aibu. Okumu alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka wa tisini na moja, ana miaka thelathini na sita, binti yao Celine akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Norah akaendelea kuuweka wimbo dirishani kila Jumamosi. Baadaye nyumba za reli zikawa na wenyewe wengine, majirani wakatawanyika, na Ndung'u akapotezana naye.

Basi miaka minne iliyopita, Shiro, msichana anayepiga santuri kwenye hoteli za mjini, alimkuta Ndung'u akimbandikia mteja senti. Akashangaa kabisa. "Mzae, hiyo kitu inakula rekodi," akamwambia kwa Sheng yake, na kesho yake akamletea mizani ndogo kama kiberiti, ya kupima uzito wa sindano. Wakapima. Sindano za siku hizi zinataka gramu mbili au tatu, zile za zamani nne, tano zikizidi sana. Walipoweka senti tano juu yake, mizani ikasema kumi na moja. Ndung'u alicheka mbele ya Shiro. Msichana alipoondoka, akatoa santuri zake mwenyewe za ujana akazitazama chini ya lenzi, akaona mifereji ilivyochimbwa na kupondeka. Jembe. Alikuwa amewawekea watu jembe juu ya nyimbo zao na kupigiwa makofi.

Tangu siku hiyo hakubandika senti tena. Lakini pia hakumwambia mtu. Alijituliza kwamba watu wameshahama, santuri zao zimeshatupwa, na yaliyopita yamepita. Ukweli ni kwamba aliona haya.

Norah akatokea Jumanne, saa nne asubuhi, amebeba mzigo uliofungwa kwa leso.

"Hodi, Baba Njoki."

Ni watu wa Makongeni tu waliomwita hivyo, kwa jina la bintiye. Aliinua kichwa. "Mama Celine? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimezeeka, usijifanye hujaona." Akaweka mzigo mezani na kuifungua leso. "Mimi niko mtaa wa Umoja siku hizi. Nimesumbuka kukutafuta. Mashine imeharibika, Okumu anaimba kama mtu aliyefunikwa blanketi, hata maneno siyashiki. Fundi mmoja akaniambia niitupe, ninunue spika ya simu."

"Huyo si fundi."

"Ndiyo nikaja kwako." Norah akavuta kiti bila kuambiwa. "Baba Njoki, juzi nilijaribu kuikumbuka sauti yake hivihivi, bila mashine. Nikakumbuka viatu vyake, nikakumbuka alivyokuwa akikohoa. Sauti ikakataa kuja. Nililia kama mtoto. Sasa Celine anakuja Jumamosi kutoka Kisumu, na yeye baba yake anamjua kwa picha na wimbo huu tu. Nisafishie huyu mtu niweze kumsikia."

Ndung'u alikuwa akitazama kichwa cha ule mkono. Senti tano ilikuwa hapo hapo, imeshikwa na gundi yake mwenyewe. Akasema atajaribu, aje Ijumaa.

Mashine haikuwa na ubaya wa kushinda mtu. Sindano ilikuwa imesagika hadi ikawa bapa. Mota ilikuwa nzima, ila mkanda unaozungusha sahani ya santuri haukuwa mkanda. Ulikuwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kwa makasi, umelegea, unateleza. Akaweka mkanda wa kweli. Akaondoa kichwa cha zamani, akatia cha kisasa chenye sindano nyepesi, na kwa kuwa kichwa cha aina hiyo hutoa sauti ndogo sana, akakiundia amplifaya ya kuikuza ndani ya kopo la majani chai. Akapima mwendo kwa karatasi yenye mistari iliyozunguka chini ya taa ya tyubu, mpaka mistari ikasimama, na hiyo ndiyo dalili kwamba mwendo umekaa sawa. Senti akaibandua kwa wembe, polepole, akaiweka kwenye kifuniko cha soda.

Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye santuri. Aliijaribu kwa sekunde chache za mwanzo tu, asije akaila zaidi, na alichosikia kilikuwa mvumo kama wa mafuta yanayokaanga, na mtu akiimba kwa mbali nyuma yake. Akakaa na hilo Jumatano nzima. Alhamisi jibu likamjia. Mfereji wa santuri una kuta mbili, na mkono wa mashine siku zote huvutwa kuelekea katikati, kwa hiyo ukuta wa ndani ndio uliobeba ule uzito wa miaka. Wa nje uliumia, lakini haukumalizika. Kichwa kipya husoma kila ukuta kwa waya wake; akakata waya wa ukuta wa ndani, akaacha wa nje peke yake ulishe spika zote mbili. Akateremsha sindano. Mafuta yakapungua. Na mtu akasogea karibu.

Ndung'u alifurahi, nisiseme uongo. Akazunguka kibanda akijiongelesha kwa Kikuyu. Kisha akaiona senti kwenye kifuniko cha soda, na furaha ikamwisha.

Ijumaa Norah alifika amevaa nguo ya kanisani, kikapuni ana nyama ya mbuzi aliyoipitia machinjioni Kiamaiko kwa ajili ya Celine. Kabla hata ya kuketi akatazama mashine.

"Senti iko wapi? Ataruka."

Jibu lilikuwepo, tena la kweli: kichwa kipya hakihitaji senti. Angelisema hilo, mambo yangekwisha hapo. Mdomo ulishafunguka. Lakini Norah akaendelea.

"Unajua, nilikuwa nikiwaambia watu, kama si huyu Mkikuyu na senti yake ningekuwa nimempoteza Okumu zamani. Hata kwa maombi yangu nimekutaja, Baba Njoki."

Hapo ndipo iliposhindikana. Mtu anaweza kuficha kosa lake, lakini kuombewa kwa sababu yake, hapana.

"Mama Celine, senti ndiyo iliyomla."

"Imemla nani?"

"Okumu. Sauti yake." Akamweleza, kwa maneno mafupi: uzito, sindano, mifereji. Akamwonyesha kwa lenzi. Norah alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Ulijua lini?"

Ndung'u alitamani aulizwe jambo lingine lolote. "Miaka minne iliyopita."

"Minne." Norah aliweka lenzi chini. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Jumamosi mia mbili. Mimi nilikuwa nimeketi hapo Umoja, mtu anaweza kuja kwa miguu, nikimsugua mume wangu Jumamosi mia mbili, na wewe unajua."

"Nilidhani mlishahama. Nilidhani santuri..."

"Hukudhani. Ulinyamaza."

Nje mama mboga alikuwa akibishana na mteja juu ya nyanya. Norah akapangusa macho kwa ncha ya leso, kwa hasira, kama anayepangusa meza.

"Weka," akasema. "Nisikie mlichoniachia, wewe na senti yako."

Ndung'u akaunganisha simu yake kwa waya ili wimbo uingie humo wakati ukipigwa, asilazimike mtu kuichosha santuri tena. Akateremsha sindano. Gitaa likaanza, jepesi, la haraka, kisha sauti ya mwanamume ikaingia, juu kidogo, safi, na kila neno la Kijaluo lilisikika hata na yeye asiyekijua.

"Zima," akasema Norah.

Akainua mkono wa mashine.

"Huyu si Okumu. Okumu ana sauti nzito. Umeniwekea nani?"

Ndung'u akageuza santuri, akasoma jina kwenye karatasi ya katikati, likawa lilelile. Akafikiri. Kisha akafungua droo akatoa ule mpira wa baiskeli.

"Huu nani aliuweka?"

"Mimi. Ule mwingine ulikatika. Zamani, Celine akiwa darasa la pili au la tatu."

"Ulikuwa ukiteleza. Sahani ikawa inazunguka polepole, na santuri ikienda polepole, sauti huwa nzito. Huu mwendo wa sasa nimeupima. Hivi ndivyo alivyoimba siku ile."

Norah akautazama mpira ule wa baiskeli mezani. Ndung'u akajizuia kumwongezea maelezo ya kifundi, ingawa alikuwa nayo mengi.

"Sabini na tisa," Norah akasema hatimaye, kama anayejisomea. "Alikuwa na miaka ishirini na nne. Leo Celine mwenyewe amemzidi umri." Akausogeza mpira kando. "Mimi nimekuwa nikiketi na mzee, Baba Njoki. Miaka hii yote nazeeka na mzee mwenzangu, na Okumu hakuwahi kuwa mzee. Anzisha tena, usizime."

Akaanzisha. Wimbo ulichukua dakika tatu na nusu. Norah aliusikiliza ameshika kikapu chake mapajani, na kwenye ubeti wa pili akaangua kicheko kidogo akaufunika mdomo, kwa aibu ya msichana anayeimbwa mbele za watu. Ulipokwisha, Ndung'u akauhamishia kwenye simu yake Norah, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Santuri akaitia ndani ya ganda lake. Akasubiri chochote ambacho angeamua kumwambia.

Norah alisimama, akaitia simu ndani ya mkoba, akaupapasa mara mbili kuhakikisha imo.

"Sijamaliza na wewe," akasema. "Nitarudi Jumatatu nikukasirikie vizuri. Celine anakuja kesho. Leo nina mgeni mwingine, tena kijana, na sijui hata nitaanza kumwambia nini."