Nilivyofunga dust collector kwenye banda langu la useremala Mpanda, mama mkwe akaipima kwa nepi

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Hata nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, tunawaona.

Leo nawaletea yaliyonikuta mimi mwenyewe, siyo ya rafiki wa rafiki. Chumvi sijaongeza. Nikifika kwa mama mkwe mtadhani nimeongeza, kumbe hapo ndipo nimepunguza.

Naishi Misunkumilo, hapa hapa Mpanda. Mchana ni mtu wa ofisini, jioni na wikendi ni fundi seremala. Nina banda nyuma ya nyumba, limeshikana ukuta na chumba cha kulala. Ndani kuna msumeno wa meza, mashine ya kuranda na mashine ya msasa.

Mbao yangu kubwa ni mninga. Huku kwetu ukimwambia mteja kitanda chake utatumia mti mwingine, anakuuliza kama nyumbani kuna shida.

Sasa mninga ni mti wa heshima, lakini unga wake hauna heshima hata kidogo. Ni wa kahawia unaoelekea wekundu, mwepesi, na haujui mipaka. Unaingia kwenye chumvi, unaingia kwenye soksi. Wife alikuwa anasema nikifa nizikwe bila jeneza, maana ndani yangu mbao zipo za kutosha.

Tulikuwa tunacheka tu. Mpaka mtoto akazaliwa.

Tukampa jina la Maganga, jina la marehemu baba mkwe. Mama mkwe akaja kutoka Kasekese kumuuguza binti yake na kumlea mjukuu, kama ilivyo desturi. Alikuja na mfuko wa karanga, kuku, na macho yasiyopitwa na kitu.

Kwa wasiojua, familia ya wife ni Wasukuma, walishuka huku na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Mkwe kwao anaheshimiwa kwa mbali. Mimi na mama mkwe hatukai kochi moja, hatuli sahani moja, na hatugombani. Akiwa na neno na mimi, haniambii mimi. Anamwambia mtoto.

Na kwa kuwa mtoto amebeba jina la mumewe, anamwita "mume wangu".

Kwa hiyo nipo sebuleni nakunywa chai, nasikia kutoka chumbani:

"Mume wangu, umepiga chafya tena? Pole baba. Umezaliwa nyumba ambayo hata wali unaungwa kwa mbao."

Mimi hapo nafanya nini? Naendelea na chai.

Lakini utani una mwisho, wakuu. Mtoto akaanza kukohoa. Akilala, kifua kinapiga mluzi. Tukampeleka kliniki wote. Nesi akauliza kama nyumbani kuna moshi au vumbi. Wife akanitazama mimi. Mama mkwe akatazama dari. Nesi akaelewa bila kujibiwa, akasema mtoto akae mbali na vumbi, hakuna mjadala.

Tulipofika nyumbani hukumu ikasomwa:

"Mume wangu, jiandae. Mimi na wewe na mama yako twende Kasekese. Kule vumbi lipo, lakini ni la barabarani. Mtu analiona likija na gari, anafunga mlango."

Naipenda kazi ya mbao, lakini sikuoa ili nije kuishi na msumeno. Na kulifunga banda moja kwa moja nako kulinichoma, maana lile banda ndilo lililotujengea hata hicho chumba anacholala Maganga.

Nikasimamisha kazi kwanza. Halafu nikapeleka ombi kupitia kwa wife: nitaleta mashine ya kuvuta vumbi. Ikishindwa, nitawasindikiza stendi mwenyewe.

Jibu likarudi kupitia kwa mtoto:

"Mume wangu, mwambie baba yako sawa. Ila mimi mambo ya mashine siyajui. Nitaanika nepi zako nyeupe, mbichi, kwenye kamba. Yeye arande huo mninga wake. Nepi zikibaki nyeupe tunakaa. Zikipata rangi ya chai, tunaondoka."

Kamba yenyewe ipo mbele ya mlango wa banda, hatua chache tu.

Basi bwana, nikaagiza dust collector iliyotumika kwa fundi mmoja wa Dar, ikaja kwa basi. Kwa ambao hawajaiona: ni feni kubwa yenye mota, imekaa kwenye kigari cha matairi manne. Upande mmoja kuna mdomo wa inchi nne unaovuta. Upande mwingine inapuliza kwenye mifuko miwili, wa chini unapokea maranda, wa juu unachuja hewa itoke safi.

Mota ilikuja. Matairi yalikuja. Mifuko haikuja. Nikapiga simu, jamaa akasema, "Mifuko utapata tu huko huko kaka." Huko wapi, hakusema.

Hapo nikaamua kutumia akili yangu, na matatizo yote yalianzia hapo.

Mnaijua ile mifuko ya kuhifadhia mahindi, yenye nailoni ndani? Ile isiyopitisha hewa, mpaka wadudu wanafia humo bila dawa? Huku kila nyumba inayo. Nikajisemea: kama hata hewa haitoki, vumbi litapita wapi? Nikafunga mmoja juu na mmoja chini, nikakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilijiona nimewazidi hadi waliotengeneza mashine.

Kisha mabomba. Mashine nikaiweka pembeni kabisa, nikaifunga mnyororo kwenye nguzo isije ikatembea ikitetemeka. Nikanunua mabomba ya plastiki ya inchi nne, yale ya maji taka, nikayazungusha banda zima yakishuka kwenye kila mashine. Kona hapa, kona pale, kona nyingine kwa ajili ya urembo. Midomo yote ya mabomba ipo wazi muda wote.

Wife akaja, akasimama mlangoni, akaangalia juu mpaka chini.

"Baba Maganga, hiki ni choo?"

Nikamwambia subiri uone.

Jumamosi asubuhi mtihani ukaanza. Wife akabaki na mtoto chumba cha mbele, madirisha yamefungwa. Nepi zikatundikwa, nyeupe pe. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda kando ya kamba, na kilemba chake cheupe, kama msimamizi wa mitihani ya taifa.

Nikawasha. Mfuko wa juu ukasimama wima, nikafurahi. Nikaingiza ubao wa kwanza, wa pili, nikaendelea. Mwanzo maranda yaliingia. Baadaye yakaanza kusitasita. Baadaye yakawa yanarudi.

Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Pumzi niliyoikuta ni ya mtu anayepoza uji.

Wakuu, sasa hivi najua. Mashine haiwezi kuvuta kama hewa iliyovutwa haina pa kutokea. Na ile kidogo iliyokuwepo ilikuwa inagawanywa kwenye midomo yote, kisha inachoka kwenye kona. Lakini siku ile nilidhani mfuko unajipanga tu.

Mfuko ukazidi kuvimba kama ng'ombe aliyevimbiwa. Nikasema ngoja nimalizie ubao huu.

Mpira wa tyubu ukachomoka. Mfuko ukaruka, ukapiga bati, ukatapika kila kitu kuelekea mlangoni. Nilipopapasa swichi na kuzima, nilikuwa sioni hata mkono wangu.

Vumbi lilipotulia nikatoka nje. Nepi zilikuwa na rangi ya chai, tena ya rangi, isiyo na maziwa. Mama mkwe alikuwa bado ameketi. Kigoda kile nilikichonga mimi, cha mninga, na yeye na kigoda walikuwa rangi moja kabisa.

Akainuka. Akajikung'uta, akanawa, akabadili nguo, akaingia ndani. Nikamsikia:

"Mume wangu, tufunge mizigo. Jumatatu kuna gari."

Nilitegemea wife acheke. Hakucheka. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto.

"Mimi sitaki kuondoka," akaniambia. "Lakini kinachoumwa ni kifua cha mtoto, siyo chako wala changu."

Hapo niliogopa, wakuu. Kweli kweli. Niliona kitanda kitupu kabla hakijawa kitupu.

Nikachukua beseni, nikaanza kuzifua zile nepi mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi pekee niliyoona naweza kuifanya bila kuharibu. Nyie ambao hamjawahi kutoa rangi ya mninga kwenye kitambaa cheupe, msiombe.

Nipo nasugua, mama mkwe akapita uani na mtoto mgongoni. Akasimama mbali na banda, akachungulia mlango uliokuwa wazi. Akaitazama mashine yangu na mnyororo wake.

"Mume wangu, hebu ona. Kitu kina matairi manne, baba yako amekifunga kama ng'ombe mkorofi. Aliyekiwekea matairi alikuwa mjinga?"

Akaenda zake.

Nikabaki na povu mikononi. Matairi! Mashine imeundwa isogee, mimi nimeijengea nyumba. Kumbe inatakiwa kufuatana na kazi: ukiranda unaisogeza kwenye randa, ukipasua unaisukuma kwenye msumeno. Mpira mfupi wa kuvutia vumbi, hakuna kona, nguvu yote inakwenda mdomo mmoja.

Nikaacha beseni, nikaanza kung'oa mabomba.

Mifuko nayo nikamweleza wife. Yeye ni fundi cherehani, na kwa vitambaa hana mchezo. Akatoa kitambaa kizito cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule. Akakiweka mdomoni, akapuliza.

"Kinapumua," akasema.

Kisha akakikunja kama mfuko, akatia unga wa muhogo ndani, akautikisa juu ya sinia jeusi. Unga kidogo ukapenya. Akaongeza kitambaa cha pili juu yake, akatikisa tena. Sinia likabaki jeusi.

"Huo wako wa mahindi uliujaribu kwa kitu gani?"

Nikamwambia kwa imani.

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo, na nikahisi mwili wangu unarudi. Akashona mfuko mkubwa wa juu, mpana, maana kadiri kitambaa kinavyokuwa kikubwa ndivyo hewa inavyopata njia ya kutokea. Mimi nikatengeneza vijisanduku vya plywood vya kushika mdomo wa mpira kwenye kila mashine, nikaziba nyufa zote kwa vipande vya tyubu. Ule ukuta ulioshikana na chumba nikauziba matundu yote.

Jumapili tukatoka ibadani, mtihani ukarudiwa. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, imepangwa sebuleni, juu yake kuna kuku aliyefungwa miguu. Sijui kwa nini yule kuku ndiye aliyeniumiza zaidi.

Mama mkwe akaanika nepi. Safari hii kigoda akakisogeza nyuma kidogo.

Nikawasha. Mfuko wa wife ukajaa taratibu, ukatulia, unapumua. Nikapeleka ubao kwenye randa. Maranda yakaingia kwenye mpira yote, hakuna lililogeuka nyuma. Nikasogeza mashine kwenye msumeno, nikapasua. Nikaisogeza kwenye msasa, ambako ndiko kuna ule unga mbaya kabisa. Nilifanya kazi mpaka nepi zikakauka.

Nikazima, nikavua barakoa, nikasimama mlangoni kama mshtakiwa.

Mama mkwe akaanua nepi ya kwanza. Akaigeuza juani. Nyeupe. Ya pili, nyeupe. Wife ametoka na mtoto. Mama mkwe akaenda hivyo hivyo kamba yote.

Ya mwisho ikawa na doa. La kahawia. Katikati kabisa.

Nikamwona wife anafumba macho.

Mama mkwe akalisogeza lile doa karibu na macho. Akalikwaruza kwa ukucha. Akalinusa. Akalinusa tena.

"Hii siyo mbao," akasema. "Hii ni kazi yako mwenyewe, mume wangu. Ila baba yako hajui kufua."

Kisha akaangua kicheko mpaka akashika kamba. Wife naye akakaa chini kabisa kwa kucheka. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na sikuyafuta, nilisingizia vumbi mahali ambapo vumbi halikuwepo tena.

Kuku akafunguliwa miguu. Mizigo ikarudi chumbani.

Tulichojifunza wakuu ni haya. Ukinunua dust collector ya kusogea, isogeze. Mpira uwe mfupi, kona ziwe chache, na kama lazima ufunge mabomba basi weka vifuniko ili mdomo mmoja tu uwe wazi kwa wakati. Mfuko lazima upumue. Barakoa bado vaa, maana unga mwembamba kabisa hakuna mfuko wa kushona nyumbani unaoukamata wote. Na mtoto asikae karibu na banda hata kama mashine inafanya kazi vizuri. Sisi tumemhamishia chumba cha mbele.

Kukohoa kumepungua siku hadi siku. Juzi nimesimama pembeni ya kitanda chake amelala, nikainama kusikiliza kifua. Hakuna mluzi. Nilibaki nimeinama mpaka mgongo ukauma.

Mama mkwe ametoa tamko jipya, kupitia kwa mtoto kama kawaida. Baba Maganga amtengenezee yeye bibi kitanda chake cha mninga, kipana, kwa sababu hataondoka mpaka mume wake atembee.

Wakuu, mume wake hata shingo haijakaza.

Mwenye uzoefu wa dust collector, au wa mama mkwe, ashushe maoni hapa chini. Nayasoma yote, ila taratibu, nina kitanda cha kuranda.